Pini za Gari la Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na daftari hili ni amri ya daktari. Ameniambia niandike kila Baba anaposahau kitu: siku gani, kitu gani, alisema nini. "Usitegemee kichwa chako, andika." Tutarudi kwake mwisho wa Mei, mvua zikiisha. Akaongeza neno moja ambalo nimelishika kuliko dawa zote alizoandika: Baba asiondolewe kazini. Kazi ndiyo inayomshikilia. Siku atakapoamini kwamba mikono yake haifai tena, atateremka haraka, na hakuna atakayeweza kumrudisha.

Basi naandika. Leo ametafuta miwani dakika kumi, kumbe iko kichwani. Lakini hilo hata mimi hunitokea.

Alhamisi, 7 Machi

Hajasahau chochote. Ameshinda akikumbuka makosa yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Shangazi ameleta gari gerejini kwetu. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, na ni mkunga. Alistaafu hospitali kubwa, akapumzika wiki mbili, akachoka kupumzika, na sasa kila asubuhi anateremka na kigari chake cheupe hadi kituo cha afya kule bondeni. Nusu ya watu wa mtaa huu walipokelewa na mikono yake, mimi nikiwamo, na hachoki kunikumbusha kwamba nilitoka nikiwa nimekunja sura.

Gurudumu la mbele kushoto linachemka na kunuka. Nililivua. Kati ya pedi mbili zinazosugua diski ya gurudumu, ya ndani imekwisha, ya nje ni nzima kabisa. Ukiona hivyo hakuna haja ya kuuliza: kaliper, kile chuma kinachoibana diski ili gari lisimame, inatakiwa iteleze juu ya pini mbili nene kama kidole. Hizi zimeshika kutu, haziendi mbele wala nyuma. Ukikanyaga breki inabana upande mmoja, ukiachia haiachii.

"Baba," nikasema, "pini zimekauka. Tukizipaka grisi kidogo tu..."

Hakuniacha nimalize. Alinyoosha spana ukutani. Juu ya meza yetu ya kazi kuna maandishi mekundu aliyoyaandika kwa mkono wake nikiwa darasa la pili: BREKI NI KAVU. Wateja wengine hudhani ndilo jina la gereji.

Kisha akanisimulia kile kisa chake. Ujanani, fundi mwenzake alipaka grisi kwenye breki ili zisipige kelele, na gari likaenda kuvunja uzio wa shule. "Tangu siku hiyo, mama, grisi na breki ni mbalimbali." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na akiniita hivyo huwa sina ubavu wa kubishana.

Wala si kwamba hana akili. Grisi ikigusa pedi au diski, umekwisha, gari halisimami. Mimi sisemi pedi, nasema pini. Lakini kwa Baba breki ni kitu kimoja kuanzia pedali hadi tairi. Tukasugua pini kwa msasa, tukazirudisha kavu, tukaweka pedi mpya, Shangazi akaondoka.

Ijumaa, 15 Machi

Ameniuliza mara mbili kama nimefunga bomba. Spana namba kumi na nne tumeitafuta gereji nzima, ikapatikana mfukoni mwa koti lake. Akasema mimi ndiye niliyeiweka.

Jumatano, 20 Machi

Kwenye boksi la pedi mpya nimekuta kijikaratasi kilichokunjwa mara nyingi. Maandishi ni ya kigeni, siyajui hata herufi. Lakini picha zinasema zenyewe: kitubu cha grisi, mshale unakwenda kwenye pini, na alama ya vema. Mshale mwingine unakwenda kwenye pedi, na alama ya kosa. Nikakimbilia kumwonyesha Baba.

Alikitazama kwa mbali, kisha kwa karibu. "Hawa wanauza grisi," akasema. Akakikunja tena vizuri na kukiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kwa kweli sasa meza haiyumbi.

Jumanne, 26 Machi

Shangazi amerudi. Wiki mbili tu! Gurudumu lilelile, harufu ileile.

"Mdogo wangu," alimwambia Baba kabla hata hajashuka, "hili gari mnanitengenezea au mnalifuga?"

Baba akasema pedi za siku hizi ni takataka. Nilipotaja pini, akatoa kisa tena. Safari hii gari halikuvunja uzio wa shule, liligonga ukuta wa mashine ya kusaga. Naandika hapa kwa ajili ya daktari: uzio umekuwa ukuta.

Shangazi alinivuta pembeni, langoni. "Likiteremka kilima linavutia kushoto. Mvua ikiwa kubwa natamani nitoe mguu nje nilizuie mwenyewe. Mwambie baba yako."

"Nimemwambia."

"Mwambie tena."

"Mwambie wewe, Shangazi, wewe ndiye mkubwa wake."

Akacheka. "Huyu? Tangu anatambaa, ukimwambia hapana ndipo anapoanza." Lakini alipoingia garini nilimwona anakaza mkanda, na Shangazi si mtu wa mikanda.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua tu.

Jumatano, 3 Aprili

Nilikwenda dukani kuulizia grisi ya breki. Mwenye duka la spea alikuwa anatafuna karanga na kuongea na simu kwa wakati mmoja. Alisema ya breki imekwisha, labda wiki mbili zijazo. Nikasema sawa. Sikuuliza zaidi, na yeye hakusema zaidi.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimefanya.

Shangazi alileta gari asubuhi, mara ya tatu. Baba alilifungua na kulifunga mwenyewe, kavu, huku akilalamikia viwanda vya pedi. Mimi nilipewa kazi ya kushika tochi, kazi niliyokuwa nikipewa nikiwa na miaka minane. Mchana tulikula, na Baba akaketi kwenye kile kiti cha gari bovu tulichokiegemeza ukutani. Mvua ilikuwa imekata, jua likampiga magotini, akalala mdomo wazi.

Nilisimama nikimtazama kwa muda. Kisha nikainua gari kwa jeki, nikafungua boliti mbili na kuchomoa pini. Grisi niliitoa kwenye kopo, ile ya njano tunayoweka kwenye beringi za magurudumu. Nilipaka kidogo sana, nikafuta kilichozidi kwa kitambaa safi mara tatu, hata tone halikukaribia pedi. Niliporudisha kaliper, niliisukuma kwa kidole kimoja ikaenda, nikaivuta ikaja. Nusura nilie kwa furaha. Wiki zote hizi Shangazi anateremka kilima roho mkononi, kwa sababu ya kitu cha dakika ishirini!

Nilinawa kwa sabuni ya unga hadi viwiko. Baba alipoamka nikampelekea chai, nikazidisha sukari kuliko alivyoruhusu daktari.

"Mbona leo unanibembeleza?" akauliza.

"Nakupenda tu, Baba."

Hilo halikuwa uongo. Uongo ulikuwa kule kwenye gurudumu.

Jumanne, 9 Aprili

Shangazi amepiga simu. Gari limekuwa jipya, linasimama likiwa limenyooka, halinuki. "Mwambie mdogo wangu safari hii ameweza."

Nilimwambia. Ungemwona alivyojaa! "Si nilikwambia? Zile pedi za mwanzo zilikuwa mbovu. Breki ni kavu, mama." Alishinda akipiga mluzi, na hakusahau kitu hata kimoja. Nimeuma ulimi mpaka unauma kweli.

Jumanne, 16 Aprili

Alikwenda kununua sabuni, akarudi na kiberiti. Akarudi tena dukani, akaja na kiberiti cha pili. Tumecheka wote wawili. Kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu.

Alhamisi, 18 Aprili

Sitaki kuandika haya, lakini daktari alisema niandike siku ileile.

Saa nne asubuhi simu ililia. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata sikusikia vizuri aliyepiga. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Gari la Shangazi limeingia mtaroni chini ya kilima. Watu wamemtoa. Amevunjika nyonga.

Tulimkuta hospitali amelazwa, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Alipotuona alisema maneno machache tu: gari lilinuka moshi tangu juu, na alipokanyaga breki likamvuta kushoto kwa nguvu, usukani ukamshinda. Akamuuliza muuguzi kama yule mama aliyekuwa akimsubiri amekwisha kujifungua. Daktari wa mifupa anasema atapasuliwa, na baada ya hapo kutembea ni suala la kusubiri tuone.

Baba akataka gari livutwe hadi kwetu. Hakuvua hata koti lililolowa. Alipiga magoti kwenye maji, akavua gurudumu na kuanza kuchomoa pini. Haikutoka. Akaipiga nyundo, akaizungusha, akaipiga tena, mpaka ikatoka pamoja na kimpira kinachoizunguka ndani. Mpira ulikuwa umevimba, umelegea kama mkate uliolowa. Na juu yake ilikuwa grisi, ya njano.

Baba aliigusa kwa kidole. Akanusa. Akanitazama, nami nikafungua mdomo.

"Nimefanya nini mimi?" akasema.

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilipiga magoti kando yake kwenye maji.

"Baba, si wewe. Ni mimi. Ulikuwa umelala, nikapaka ya kwenye kopo."

"Wewe huwezi. Gari hili nililifunga mimi, kwa mikono hii." Aliitazama mikono yake, kisha akatazama ukutani. "Nimeandika mwenyewe, nimesahau mwenyewe."

Nikamweleza yote: jeki, boliti mbili, kitambaa safi, sabuni ya unga, chai. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole, hakunikatiza hata mara moja. Baba yangu, asiyewahi kuniacha nimalize sentensi. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Mama, usinisitiri. Umenisitiri vya kutosha na lile daftari lako."

Sikujua kwamba anajua kuhusu daftari.

Jumamosi, 20 Aprili

Shangazi amepasuliwa. Salama.

Nilimpelekea mwenye duka la spea ile pini. Aliacha kutafuna. "Hii umepaka ya beringi? Ile inavimbisha mpira! Ukivimba unaing'ang'ania pini, inakuwa heri ingekuwa kavu. Pini zina grisi yake. Kwa nini hukuniuliza?"

Sikumuuliza kwa sababu nilijiona najua. Nilirudi gereji, nikainua mguu wa meza na kukichukua kijikaratasi, nikakikunjua hadi mwisho. Siku ile sikuwa nimekikunjua hadi mwisho. Kwenye mkunjo wa chini kabisa kuna picha ya kopo, na alama ya kosa.

Nimekaa chini sakafuni na hicho kikaratasi. Miaka sita tangu nianze kazi naye namwona Baba mkaidi, mtu wa maandishi ya ukutani, asiyetaka kusoma. Yeye alikosea kwa kukataza kila kitu. Lakini katika kukataza kwake hakuna aliyevunjika.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemwambia Shangazi. Aliniamini papo hapo, na hakunipunguzia. "Miaka thelathini na minane sijamdunga mtu sindano nisiyoijua. Wewe unapaka usichokijua kwenye gari ninalopanda?" Nililia, akaniacha nilie. Baadaye akanipa leso yake na kuuliza:

"Baba yako umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Mwambie tena."

"Haniamini, Shangazi."

Baba alipoingia, Shangazi alimwambia yeye mwenyewe, kavukavu. Baba alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Dada, mmepanga. Sasa hata wewe unanihurumia." Shangazi akasema, "Mdogo wangu, nisikilize." Sijawahi kumsikia akimwomba mtu kitu. Na Baba akaanza kumwomba radhi, kwa maneno mengi, kama tulivyofundishwa utotoni kuwaomba radhi wakubwa, na hakuna kati yetu aliyeweza kumnyamazisha.

Ijumaa, 3 Mei

Nilifikiri nimepata dawa. Nilimletea daftari hili, nikalifungua tarehe 5 Aprili, nikamwekea mbele. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Umeandika vizuri," akasema. "Uliandika lini?"

"Siku ileile, Baba. Tazama tarehe."

Akafunua ukurasa wa mwisho, akarudi, akafunua tena. "Wino ni mmoja."

Ni mmoja! Nina kalamu moja! Nilitaka kupiga kelele. Akalifunga daftari na kunirudishia. "Mtoto mwema," akasema, na hajaniita hivyo tangu nivunje ungo.

Jumatano, 8 Mei

Hajashika spana. Anakaa kwenye kile kiti. Mteja wake wa miaka mingi alimuuliza kuhusu klachi, akajibu, "Muulize binti, mimi sikumbuki." Anakumbuka. Ile klachi alinifundisha mimi.

Jumamosi, 11 Mei

Vilevile.

Jumanne, 14 Mei

Amevaa viatu viwili tofauti. Nilipomwambia, akasema haidhuru.

Jioni, kabla hatujafunga, alinisimulia kile kisa. Gari, grisi, ukuta. Lakini leo aliyepaka grisi hakuwa fundi mwenzake. "Nilikuwa mimi," alisema.

"Baba, si ulisema ni mwenzako?"

"Ndivyo nilivyokuwa nikisema."

Sijui kama ni kweli na alificha maisha yake yote, au sasa kila kosa analolikuta njiani analiokota na kulitia mfukoni mwake. Nimeshindwa kujua, na hakuna wa kumuuliza.

Jumatatu, 20 Mei

Nimemaliza gari la Shangazi. Kaliper mpya, pini mpya, na grisi yenyewe ya pini, imetoka dukani kwenye kitubu chake. Shangazi anatembea na fremu ya kujishikiza hatua nne hadi mlangoni, hatua nne hadi kitandani, na anasema ataliendesha tena nipende nisipende.

Nilimwita Baba aje aone. Nikamwonyesha. "Hapa napaka, Baba. Hapa sipaki. Na hii si ile ya kopo." Nilikuwa namchokoza. Nilitaka anyooshe spana ukutani, aniambie nina kichwa kigumu, anitupie hata kitambaa.

Alisimama kama mteja, mikono nyuma. "Sawa, mama," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Miaka sita nimeisubiri sentensi hiyo. Niliingia chini ya gari nikajifanya natafuta boliti.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua imekata kabisa, barabara imeanza kutoa vumbi. Kesho ni daktari.

Baada ya chakula cha mchana Baba alikuja mezani, miwani puani, shati amepiga pasi mwenyewe. "Leta daftari. Kuna siku umeiandika vibaya."

Nilijua ni ipi.

"Andika hivi: Baba alipaka grisi kwenye breki za dada yake, akasahau."

"Siandiki, Baba. Siwezi kuandika jambo ambalo halikutokea."

Hakukasirika. Kama angekasirika ningepata pa kushika. "Mama," akasema, "kesho daktari ataniuliza. Nikisema mimi, atasema mzee anasahau. Wewe ukisema, utanipendelea. Likiwa limeandikwa ataamini. Sitaki mtu mwingine aumie kwa sababu binti yangu ananipenda."

Nikamwambia tena. Sijui ni mara ya ngapi. Nilimwambia nikiwa nimemshika mikono yote miwili, nikimtazama machoni: ni mimi, Baba, ni mimi. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu, ananivumilia, ananionea huruma.

Nikashika kalamu. Niliandika alivyotaka, lakini tarehe niliiweka nne Aprili, makusudi, ili daktari akilinganisha aone mambo hayaendi sawa, aulize, na pengine yeye apate njia ambayo mimi nimeikosa. Baba alilivuta daftari, akasoma kwa kidole, akasimama kwenye tarehe.

"Si nne," akasema. "Ni tano, Ijumaa. Mvua ilikuwa imekata. Nililala kwenye kiti, na nilipoamka ukaniletea chai, sukari nyingi. Nakumbuka vizuri kabisa."

Nimefuta nne, nimeandika tano.